MAONI YETU: TUNUNUE NGUVU ZA INJINI?



Wauzaji wametuletea habari ya turbo ya kiwandani kwa injini ya mashine yetu ya kusaga, eti ipande kutoka nguvu za farasi 30 hadi 40. Bei yake inakaribia akiba yetu yote ya korosho. Jumamosi tunaamua, basi tusemezane mapema.

Turbo si uongo. Huisukumia injini hewa zaidi ili iunguze mafuta mengi zaidi. Wenzetu wa Mbeya mjini, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa yao ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupungukiwa nguvu. Sisi tuko pwani. Hewa tunayo.

Je, injini yetu imeshindwa kazi? Hebu nendeni mtazame. Kinu kikijaa mahindi haipunguzi mwendo wala haitoi moshi mweusi. Maana yake nguvu bado zipo. Kinachowaweka kina mama foleni mpaka usiku ni mkanda unaoteleza na nyundo za kinu zilizolika. Tukiongeza farasi 10, mkanda ni uleule, utateleza zaidi! Na farasi hao hawali majani jamani: wakifanya kazi wote, hunywa kama lita 2 za dizeli kwa saa.

Sisi tunasema mkanda na nyundo kwanza. Foleni ikibaki na moshi ukaonekana, muuzaji aitwe, aje na dhamana ya kiwanda kwa maandishi. Ile habari ya fundi kuchezea skrubu ya pampu kwa bei nafuu hatuitaki, injini itachemka.