Ruzuku ya Serikali na Siri za Washindani

Askari aufahamu vyema umuhimu wa ushirikiano. Kikosi ambacho kila mtu hutafuta sifa yake mwenyewe hushindwa kabla ya mapambano. Lakini makampuni ya biashara yana desturi nyingine: kila moja huficha maarifa yake, kwani siri ndiyo ngao yake sokoni. Je, fedha za umma zaweza kuyaunganisha?

Japani ilijaribu mwaka 1976. Serikali yake iliyakutanisha makampuni matano yaliyokuwa yakishindana, yaani Fujitsu, Hitachi, Mitsubishi, NEC na Toshiba, ili yafanye utafiti wa chipu za kompyuta kwa miaka minne. Serikali ilitoa takribani asilimia 40 ya gharama. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, Wajapani walikuwa wakitawala soko la chipu za kumbukumbu. Wakuu wa ulinzi wa Marekani wakaingiwa na hofu kwamba silaha zao zingetegemea viwanda vya kigeni.

Mwaka 1987 makampuni 14 ya Marekani yakaunda shirika la utafiti liitwalo SEMATECH, ambalo makao yake yaliwekwa mjini Austin. Serikali ilichangia takribani dola milioni 100 kila mwaka kupitia Wizara ya Ulinzi, nayo makampuni yakatoa kiasi kama hicho. Hata hivyo, fedha hazikuondoa mashaka. Makampuni yalisita kuwafunulia wenzao mbinu zao bora. Ndipo shirika lilipogeukia jambo lililowafaa wote: kuwaimarisha watengenezaji wa mitambo ya kuundia chipu. Hapo ushirikiano ukashika mizizi. Mwaka 1994 shirika lenyewe liliamua kuiacha ruzuku, na baada ya mwaka 1996 likajitegemea.

Funzo ni dhahiri. Ruzuku yaweza kuwaketisha washindani pamoja, lakini haiwezi kuwalazimisha waaminiane. Kwa hiyo serikali yoyote itoayo fedha za wananchi haina budi kuweka masharti matatu: kila kampuni ichangie kutoka mfukoni mwake, utafiti uhusu haja ya wote, na msaada uwe na kikomo. Pasipo masharti hayo, ruzuku hugeuka kuwa posho ya matajiri.

Mlinzi wa nchi, ambaye redio na rada yake huanzia katika maabara kama hizo, ana haki ya kudai kwamba kodi ya mwananchi izae matunda. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini hata viwili havimvunji visipokubali kukutana.