Mganga na Kipimo cha Mtoto

Wako wataalamu wetu ambao, wakisikia mganga wa kienyeji akitajwa katika habari ya kupima watoto VVU, hucheka. Kicheko hicho kina gharama, na mlipaji wake ni mtoto mchanga.

Mtoto aliyezaliwa na VVU, asipotibiwa, hana muda wa kungojea mabishano yetu. Katika kila watoto 3 wa namna hiyo, yapata mmoja hufa kabla ya kutimiza mwaka. Na karibu nusu yao hawafiki miaka 2. Je, katika miezi hiyo mtoto yuko wapi? Katika vijiji vingi vya Tanzania, akikonda na kuharisha, hunenwa kuwa amebemendwa. Mama hutiwa lawama ya kuvunja miiko ya ulezi, naye huipeleka aibu yake kwa mganga kabla ya zahanati. Mficha maradhi kilio humuumbua. Lakini mganga huyu ameyaona maradhi kabla ya kilio. Kumwacha nje ya kazi hii ni kulipofua jicho lililotangulia kuona.

Watanikumbusha Samunge, Loliondo, ambako mwaka 2011 maelfu walikimbilia kikombe, na wengine wakaziacha dawa zao. Watanitajia na wembe mmoja uchanjao chale watu wengi. Hatari hizo ni za kweli, wala hazipungui kwa kumdharau mganga; hupungua akifundishwa na kusimamiwa. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ilikwisha kumtambua. Kumtambua mtu kwa sheria na kumkataa kwa kazi ni mzaha.

Wala sidai apewe kipimo mkononi. Mtoto wa chini ya miezi 18 huweza kuwa na kingamwili za mamaye, hata kipimo cha kingamwili kisiweze kuthibitisha kama ameambukizwa. Matone ya damu ya kisigino chake hutakiwa yapimwe kwa mtambo utafutao vinasaba vya virusi vyenyewe. Kazi ya mganga ni kumwambia mama, "Mwanangu, dawa yangu haitakamilika mpaka mtoto apimwe zahanati," kisha ahakikishe kuwa wamefika.

Kiswahili humwita mkuu wa tiba wilayani Mganga Mkuu, na mwenye mizizi kijijini mganga. Jina ni moja, nalo latokana na kuganga. Basi Mganga Mkuu na amwite mwenzake, wakamgange mtoto angali hai.