NDEGE YA KUPIGA PASI

Wiki hii tuache kwanza habari za mapenzi na disko, tuongelee ndege. Si ile ya kukata tiketi, bwana. Ndege ya kuletewa ndani ya maboksi, uiunge mwenyewe gereji!

Usinicheke, ni kweli tupu. Kule Marekani kuna watu wamedata na kindege cha zamani kinaitwa Piper J-3 Cub. Rangi ya njano, ubavuni mstari mweusi kama radi, viti viwili, kimoja nyuma ya kingine. Ukiwa peke yako unaendeshea kiti cha nyuma. Injini yake ni nguvu za farasi 65 tu, hata teksi bubu inaishinda! Kati ya 1938 na 1947 vilitengenezwa karibu 20,000, na marubani wengi wa Vita Kuu ya Pili walianzia humo. Asiyepata cha zamani anaunda nakala. Kampuni ya Wag-Aero ya Wisconsin ilianza kutoa vifaa vya nakala hiyo miaka ya 1970.

Sasa sikia kazi yenyewe. Mwili ni mabomba ya chuma yaliyochomelewa. Juu yake hakuna bati wala nini, ni kitambaa! Unakigundisha, halafu unakipiga pasi mpaka kinakaza kama ngozi ya ngoma. Joto la pasi linapimwa, maana likizidi kitambaa kinaharibika. Kisha unashika sindano na uzi wa nta, unakishonea kwenye mbavu za bawa, fundo kwa fundo. Mabishoo wasiotaka kushika sindano, imekula kwao.

Lakini kilichonigusa mimi ni sheria. Ili kisajiliwe kama ndege ya kujiundia, zaidi ya nusu ya kazi lazima ifanywe na watu wanaounda kwa kujifunza au kujifurahisha. Huwezi kumwachia fundi wa kulipwa amalize yote, wewe ubaki kutamba mtaani. Unatunza daftari na picha za kazi, mkaguzi akija anaona. Na ukishapasishwa, kwa kawaida saa 25 au 40 za mwanzo hakuna kubeba abiria. Si demu, si mshikaji.

Kwani kuna ubaya gani ukirukia kazi ya mkono wa mwingine? Mnamkumbuka John Denver, yule wa nyimbo za kantri? Alikufa Oktoba 12, 1997, baharini California, na ndege ya kujiundia aina ya Long-EZ. Hakuiunda yeye, aliinunua tayari imeundwa. Aliyeiunda alihamisha koki ya kuchagua tangi la mafuta, akaiweka nyuma ya bega la kushoto la rubani. Wachunguzi walisema Denver alipokuwa anahangaika kuigeuza, ndege ilimponyoka. Koki moja tu!

Ndiyo maana naipenda ile sheria. Sisi vijana wa mjini kwa kulipua kazi hatujambo. Ukilipua kiti, ataanguka mteja, wewe umeshakula hela yake. Lakini bawa ulilolishona mwenyewe, wa kwanza kupanda nalo juu ni wewe. Hapo hakuna bora liende, kila fundo utalirudia mara mbili.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.