Mpira wa Kijana na Ngazi Inayomfaa



Jumamosi iliyopita jirani yangu, sajini wa jeshi anayekaa nasi hapa Buterere upande wa mashamba ya mpunga, alinijia jioni akiwa na bahasha mkononi na mwanawe akimfuata nyuma. Kijana huyo ana umri wa miaka 17, bado yuko sekondari, na kila mwenye macho katika mtaa wetu anajua ya kuwa mguu wake wa kushoto umejaliwa. Ndani ya bahasha mlikuwa na barua ya Kiingereza kutoka kwa mtu ajiitaye wakala wa wachezaji. Barua ilieleza kwamba kijana amekwisha kupata nafasi katika chuo kikuu cha daraja la kwanza huko Marekani, masomo bure, chakula bure, malazi bure, mradi baba atume dola 1,500 kabla ya mwisho wa mwezi. Jina la chuo halikutajwa mahali popote. Jina la kocha halikadhalika.

“Mwalimu,” akasema sajini, maana watu wa hapa hawajaacha kuniita hivyo ingawa ni miaka saba sasa tangu nilipoiacha chaki na kuingia ofisini, “nisomee tu, kisha uniambie kama nimeelewa sawa. Mnunuzi wa kile kiwanja changu nimekwisha kumpata.”

Nilimsomea neno kwa neno. Kisha nikamsihi asiuze kitu chochote mpaka tumalize kuzungumza, na mazungumzo hayo yakatuchukua hadi saa nne ya usiku. Kwa kuwa naamini bahasha za namna hii zinabishа hodi katika nyumba nyingine za askari na polisi, naona yafaa niyaandike hapa yale tuliyoyazungumza.

Kwanza ni hilo neno “daraja la kwanza”, ambalo ndilo lililomlewesha sajini. Huko Marekani mpira wa vyuo hauko chini ya mwamvuli mmoja. Upo ushirika mkubwa uitwao NCAA, wenye madaraja matatu. Upo ushirika mwingine, NAIA, ambao hukusanya hasa vyuo vidogo vidogo. Tena kuna vyuo vya miaka miwili vilivyo chini ya NJCAA, ambamo kijana huweza kusoma na kucheza kisha akahamia chuo cha miaka minne. Katika daraja la kwanza la NCAA ziko timu za wanaume zaidi ya 200, na katika la tatu zaidi ya 400. Mtu wa kwetu akisikia “la tatu” hudhani ni makapi. La hasha. Baadhi ya vyuo vya daraja hilo vina elimu ya hali ya juu sana. Ila havitoi msaada wa fedha kwa ajili ya michezo. Hutoa kwa kufaulu masomo au kwa upungufu wa mapato ya familia.

Na huo msaada wa daraja la kwanza, je? Kwa miaka mingi kila timu ya wanaume iliruhusiwa kugawa misaada kamili 9.9 tu, hali kikosi huwa na wachezaji 25 au 30. Kocha alilazimika kuikatakata kama mkate wa watoto wengi: huyu robo, yule nusu, wa tatu ada ya vitabu. Katika mwaka wa masomo wa 2025 sheria hiyo ilibadilika kwa vyuo vilivyokubali mapatano mapya ya mahakama. Sasa kinachowekewa mpaka ni idadi ya wachezaji, nayo ni 28. Lakini kuruhusiwa kutoa si sawa na kuwa nacho cha kutoa, na vyuo vingi bado hugawa vipande. Kwa hiyo mtu anayemwahidi mzazi “kila kitu bure” bila kutaja chuo, huyo anauza ndoto.

Nilimchorea sajini hesabu kwenye nyuma ya bahasha ileile. Tuseme gharama za chuo ni dola 40,000 kwa mwaka. Kocha anatoa asilimia 40 kwa mpira. Ofisi ya masomo inaongeza 25 kwa alama nzuri. Inabaki asilimia 35, yaani dola 14,000, ambazo kwa kima cha benki ni faranga zaidi ya milioni 40, kila mwaka, kwa miaka minne. Sajini aliitazama hesabu hiyo kwa muda mrefu. Chuo kidogo cha NAIA chenye gharama ndogo na msaada mkubwa huweza kumwachia mzazi deni dogo kuliko chuo chenye jina kubwa. Swali la kumwuliza kocha ni: mwisho wa yote, baba atabaki kulipa kiasi gani?

Hapo ndipo kijana aliponiuliza, kwa heshima lakini kwa uchungu, “Mwalimu, sasa nikienda timu ndogo, nani ataniona?”

Nikamsimulia habari za Lawrence Olum, Mkenya aliyezaliwa Nairobi. Yeye hakupitia daraja la kwanza la NCAA. Alisoma na kucheza Missouri Baptist, chuo cha NAIA. Baada ya chuo alipitia timu za ligi za chini, ndipo akafika Sporting Kansas City, timu ambayo mwaka 2013 ilitwaa ubingwa wa ligi kuu ya Marekani akiwa mmoja wa wachezaji wake. Alipokuwa katika chuo kile alikuwa akicheza, na hilo ndilo jambo lenyewe. Kijana anayekaa miaka minne kwenye benchi la timu kubwa huchoka moyo, na mguu nao husahau.

Basi ngazi inayomfaa kijana hupimwaje? Mimi si kocha, bali nimewahi kusimamia timu ya shule, na mbinu yenyewe haihitaji utaalamu mkubwa. Kila chuo huchapisha orodha ya wachezaji wake pamoja na umri wa masomo, urefu na mahali walikotoka. Mzazi na mwanawe waisome. Wanaocheza upande wa kushoto ni wangapi? Wangapi wanamaliza mwaka huu? Wale wa mwaka wa kwanza walicheza mechi ngapi msimu uliopita? Orodha ikijaa vijana wa miaka 22 na 23 waliolelewa katika shule za mpira za Ujerumani na Uhispania, mtoto wa miaka 17 kutoka uwanja wa vumbi ajue kazi iliyo mbele yake. Kisha watazame mechi nzima ya timu hiyo, dakika zote 90, na kijana ajiulize kwa haki kama angalikuwa bora, sawa, au chini ya yule anayecheza nafasi yake. Vilevile yeye mwenyewe apigwe picha za sinema katika mechi nzima. Makocha wanataka kumwona anapopoteza mpira, maana chenga tatu zilizochaguliwa hata goigoi huweza kuzipata.

Dalili iliyo bora kupita zote ni kocha mwenyewe. Kocha anayemtaka mchezaji humwandikia kwa jina lake na kutoka anwani ya chuo, humwuliza alama zake za darasani, hutaka kuzungumza na wazazi. Wala hadai fedha. Ada ndogo za kuandikishwa kwenye kituo cha NCAA au NAIA hulipwa kwa kituo chenyewe.

Na hizo alama za darasani si mapambo. NCAA hudai masomo ya msingi 16 ya sekondari, na wastani usiopungua 2.3 kati ya 4 kwa daraja la kwanza, 2.2 kwa la pili. Ule mtihani wa SAT, ambao zamani uliwatisha vijana wetu, uliondolewa katika masharti ya NCAA tangu Januari 2023, ijapokuwa chuo kimoja kimoja chaweza kuudai. Kwa sisi tunaosoma kwa Kifaransa kikwazo kikubwa ni mtihani wa Kiingereza. Jambo jingine: kijana aliyekwisha kulipwa mshahara na klabu, au aliyekaa miaka akichezea vilabu baada ya sekondari, huweza kupoteza haki yake au baadhi ya misimu. Bahasha ndogo ya faranga baada ya mechi hufurahisha, lakini huulizwa baadaye.

Binti wa sajini, mwenye miaka 15, alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Naye hucheza. Hakuna aliyemletea bahasha, wala hakuna aliyewaza. Nami niliwakumbusha kwamba timu ya taifa ya wanawake ilifika fainali za Afrika huko Morocco mwaka 2022, na kwamba chini ya kanuni zile za zamani timu ya wanawake ya daraja la kwanza iliruhusiwa misaada kamili 14 mahali ambapo wanaume walipewa 9.9. Baba akageuka kumtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

Nimeiacha nyuma habari iliyo nzito kuliko zote, kama nilivyoiacha usiku ule. Tarehe 9 Juni 2025 lilianza kutumika tangazo la Rais wa Marekani lililosimamisha kutolewa kwa visa za matembezi na za masomo kwa raia wa nchi kadhaa, na Burundi imo. Mtu aliyeandika barua ile hakugusia jambo hilo hata kwa nusu mstari. Mzazi yeyote, kabla hajatoa faranga moja, na aulize ubalozi wa Marekani hapa Bujumbura zuio hilo limefikia wapi. Hata mlango ukiwa wazi, mwanafunzi hutakiwa kuonyesha fedha za mwaka wa kwanza, na ruhusa ya kufanya kazi ni ndani ya chuo tu, saa 20 kwa wiki wakati wa masomo.

Sajini alinyamaza. Kijana ndiye aliyesema, “Basi imekwisha.”

Haikwisha. Shabani Nonda alizaliwa katika mji huuhuu. Hakurukia Ulaya, alikwenda Dar es Salaam kwa Yanga, akashuka Afrika Kusini kwa Vaal Professionals, akaenda Zürich, kisha Rennes, kisha Monaco, na mwaka 2004 alicheza fainali ya klabu bingwa za Ulaya. Kila mahali alikaa mpaka pakawa padogo kwake. Na kama nia ni kusoma pamoja na kucheza, Uganda wana ligi ya vyuo vikuu tangu mwaka 2012, na vipo vyuo kama Ndejje vinavyojulikana kwa kuwasaidia wanamichezo ada. Mwenzetu wa Jumuiya haombi visa ya kwenda Kampala. Kiingereza atakipata hukohuko, na alama za huko zitamfaa siku mlango wa mbali ukifunguliwa.

Sajini aliomba nimwandikie barua mbili, moja kwa chuo cha Kampala kuuliza masharti, nyingine kwa yule wakala kuuliza jina la chuo na la kocha. Ya kwanza imejibiwa. Wanataka ripoti za shule za miaka mitatu na picha za mechi nzima. Ya pili haijajibiwa. Mnunuzi wa kiwanja amepewa udhuru. Jumapili hii kijana anacheza saa tisa, na mtoto wa dada yangu, mwenye simu inayopiga picha vizuri, amekubali kusimama juu ya ukuta dakika zote 90.