Simu Haikuua Usomaji: Zana za Mtandao na Dhima ya Idara za Fasihi

Utangulizi

Kauli moja imekuwa ikirudiwa katika makongamano, katika vyumba vya walimu na katika dibaji za vitabu: kwamba mwanafunzi wa leo hasomi, na kwamba kilichomzuia kusoma ni simu. Kauli hii imezoeleka kiasi kwamba haidaiwi ushahidi tena. Makala haya yanaipinga. Yanadai kuwa usomaji wa fasihi ya Kiswahili nchini Kenya ulikuwa umekwisha kudhoofika kabla ya simu kufika mikononi mwa wanafunzi. Kwamba uliodhoofisha usomaji huo ni mfumo wa mwongozo na mtihani, ambao wanazuoni wenyewe wameshiriki kuujenga. Na kwamba zana za mtandao zinaweza kuutengeneza iwapo tu zitatumiwa kurejesha jambo ambalo darasa limelipoteza, yaani msomaji anayejibu.

Kambi mbili, kosa moja

Wanaolijadili suala hili wamegawanyika katika kambi mbili. Kambi ya kwanza ni ya maombolezo. Kwa hawa, skrini ni adui wa kitabu, na kila dakika ambayo kijana anaitumia katika simu ni dakika iliyoibwa kutoka kwa riwaya. Hawajiulizi kijana huyo anafanya nini katika simu hiyo. Wangejiuliza, wangegundua kwamba anasoma na anaandika kuanzia alfajiri hadi usiku wa manane, na kwamba huenda hakuna kizazi cha Wakenya kilichopata kuandika maneno mengi kwa siku kuliko hiki.

Kambi ya pili ni ya sherehe. Hawa huamini kwamba kifaa kikishanunuliwa, elimu imepatikana. Imani hiyo ndiyo iliyozaa ahadi ya vipakatalishi kwa watoto wa darasa la kwanza katika kampeni za uchaguzi wa mwaka 2013, na ugawaji wa vishikwambi ulioanza mwaka 2016. Mjadala wa kitaifa ulihusu zabuni, bei na umeme. Kishikwambi kilifika kikiwa kimepakiwa masomo tayari. Mtoto akapewa cha kutazama na cha kubonyeza. Ni nani angesoma kile ambacho mtoto huyo angeandika, hilo halikuulizwa. Vyuo vikuu navyo havina haki ya kucheka. Shule na vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, wahadhiri wengi walihamishia Zoom mhadhara ule ule waliokuwa wakiutoa ukumbini, wakapakia maelezo yale yale, kisha wakatangaza kwamba ufundishaji umeingia enzi mpya.

Kambi hizi mbili huonekana kuwa zinapingana, lakini kosa lao ni moja. Zote humpa mtenda nafasi ya mtendewa, na kitu nafasi ya mtu. Wa kwanza wanasema simu imeua. Wa pili wanasema simu itafufua. Mwalimu, mtahini, mwandishi na mwanafunzi wanatoweka katika sentensi zote mbili.

Mwongozo ulitangulia simu

Historia inaonyesha wazi mambo yalivyokwenda. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa, na mtihani wa kwanza wa KCSE ukafanywa mwaka 1989. Hatua hiyo iliipa fasihi ya Kiswahili wasomaji ambao haikuwahi kuwapata: vijana wa kila pembe ya nchi, kila mwaka, wakiwa na kitabu kimoja mikononi. Faida hiyo haifai kubezwa. Hata hivyo, pamoja na kitabu teule ulikuja mwongozo wake. Utengano ya Said Ahmed Mohamed ilikuwa na miongozo; Siku Njema na Kidagaa Kimemwozea za Ken Walibora zikawa nayo; Chozi la Heri ya Assumpta Matei ikafuata, na Nguu za Jadi ya Clara Momanyi haikusalimika.

Muundo wa mwongozo haubadiliki. Unatoa mukhtasari wa kila sura, orodha ya maudhui, orodha ya wahusika na sifa zao, orodha ya mbinu za lugha, kisha maswali na majibu. Mwanafunzi aliyekariri mwongozo wa Siku Njema aliweza kutaja sifa za Kongowea bila ya kufuatana naye katika safari yake ya kutoka Tanga hadi Kitale. Aliweza kupita mtihani vizuri, na wengi walipita. Siku Njema ilitolewa mwaka 1996, wakati ambapo simu ya mkono ilikuwa kitu adimu nchini na hapakuwa na mwanafunzi wa sekondari aliyekuwa nayo. Kifaa ambacho hakikuwapo hakiwezi kushtakiwa kwa kosa lililotendeka.

Kilichofanywa na mtandao ni kuharakisha. Miongozo iliyokuwa ikirudufiwa kwa fotokopi sasa husambazwa katika makundi ya WhatsApp na Telegram, na riwaya zenyewe husambazwa pamoja nayo bila idhini, hasara ikimwangukia mwandishi. Uovu huo ni wa kweli, na mwalimu anayepakia riwaya nzima katika kundi la darasa lake anashiriki wizi, hata akidai kuwa anawasaidia wanafunzi maskini.

Hapa ndipo methali ya nyani na kundule inapowahusu wanazuoni. Miongozo haiandikwi na kampuni za simu. Huandikwa na walimu wa Kiswahili, na baadhi yao ni wahadhiri wa vyuo vikuu ambao asubuhi huomboleza kifo cha usomaji na jioni hukamilisha mswada wa mwongozo. Sababu inaeleweka: mwongozo una soko la uhakika, ilhali kitabu cha uhakiki aghalabu hulala ghalani. Kueleweka kwa sababu, lakini, hakumwondolei mtu dhima.

Hali hii imedhihirika zaidi tangu Novemba 2022, ilipotolewa programu ya ChatGPT, ambayo huandika insha kwa kuamriwa. Idara nyingi zimeipokea kama msiba. Hata hivyo, tahakiki inayotolewa na programu hiyo ni ile ile iliyofundishwa na mwongozo: maudhui matano, wahusika sita, tamathali saba, na hitimisho linalosifu ustadi wa mwandishi. Ikiwa mtambo unaweza kuandika jibu lisilotofautiana na la mwanafunzi aliyefaulu, basi swali lenyewe halikuhitaji kitabu kisomwe. Mtambo haukuharibu uhakiki wa darasani. Umefichua tu kwamba sehemu kubwa ya uhakiki huo ilikuwa ya kimtambo tangu awali.

Kujibizana: desturi iliyosahauliwa darasani

Fasihi ya Kiswahili haikukuzwa na watu waliokuwa wakiandika ili wapewe alama. Ilikuzwa na watu waliokuwa wakijibiwa. Mashairi mengi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, katika karne ya 19, yalitungwa kwa kuelekezwa kwa watu mahususi, na baadhi yake ni sehemu za majibizano na washairi wa Lamu. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza mwaka 1923 katika Tanganyika, kurasa zake za ushairi zilifungua uwanja ambamo makarani, walimu na wakulima walitungiana, wakarekebishana vina na mizani, na wakaulizana maana. Kurasa za ushairi za Taifa Leo zimeiendeleza desturi hiyo nchini Kenya kwa miongo kadhaa. Mzozo wa ushairi huru, uliopamba moto baada ya Euphrase Kezilahabi kuchapisha Kichomi mwaka 1974, ulikuwa na matusi yake, lakini uliwalazimisha wa pande zote mbili kusoma upya kila beti waliloliona kuwa linawapinga.

La kuzingatiwa zaidi ni kwamba desturi hii haikuwahi kuogopa chombo kipya. Ilipita katika miswada ya hati za Kiarabu, ikapita katika gazeti, ikapita katika redio. Katikati ya miaka ya 1970, mashairi ya Kimondo, yaliyotokana na ushindani wa uchaguzi wa ubunge katika Lamu, yalirekodiwa katika kaseti na kusambazwa nyumba hadi nyumba, upande mmoja ukijibu upande wa pili. Hakuna aliyedai kwamba kaseti imeua ushairi. Ann Biersteker aliuona uzito wa desturi hii, akakiita kitabu chake cha mwaka 1996 kuhusu ushairi wa Kiswahili Kujibizana.

Insha ya mwanafunzi wa chuo kikuu ikilinganishwa na desturi hiyo, upungufu unaonekana mara moja. Insha hiyo husomwa na mtu mmoja, mara moja, kwa haraka, ili ipewe alama. Mwenzake haioni. Yeye mwenyewe akishaipokea hana sababu ya kuirudia. Hajibiwi, na kwa hivyo hajifunzi kwamba kuandika ni kumwelekea mtu. Mwanafunzi huyo huyo, anapoandika katika simu, huchagua maneno kwa makini, hufuta, huandika upya, na husubiri kwa hamu, kwa sababu anajua atajibiwa.

Yanayowezekana

Zana za mtandao, basi, zithaminiwe kwa kigezo hicho kimoja: je, zinamletea mwandishi mwanafunzi msomaji anayejibu? Kigezo hicho kinaziondoa nyingi. Mfumo wa kupakia maelezo ya mhadhara hauingii. Jaribio la kuchagua jibu sahihi haliingii. Zinazobaki ni chache, na nyingi hazina gharama kubwa.

Ya kwanza ni ukurasa wa pamoja wa darasa, ambamo kila juma mwanafunzi huandika aya moja kuhusu sura moja ya riwaya, akitaja ukurasa wa kila dai, na mwenzake hulazimika kumjibu kwa kurudi katika kurasa hizo hizo. Alama nyingi ziende kwa jibu, si kwa aya ya kwanza. Katika ukurasa huo huo, mhadhiri anaweza kuweka tahakiki iliyoandikwa na programu na kulitaka darasa liipinge. Programu isiyo na kitabu mbele yake huweza kubuni tukio au kumpa mhusika maneno ambayo hakuyasema. Aliyesoma atayakamata, na ambaye hakusoma atajulikana.

Ya pili ni Wikipedia ya Kiswahili, iliyopo tangu mwaka 2003. Makala mengi yaliyomo kuhusu waandishi wa Kiswahili ni mafupi mno. Mwanafunzi wa uzamili anayerefusha makala kama hayo hulazimika kutafuta chanzo kwa kila kauli, na akikosea hurekebishwa na mtu asiyemjua wala asiyemwonea haya. Ya tatu ni African Storybook, iliyozinduliwa mwaka 2014, ambamo hadithi fupi za watoto husomwa, hutungwa na hutafsiriwa bure katika lugha nyingi za Afrika. Mwanafunzi anayehamisha hadithi ya Kikamba au ya Kiluo hadi Kiswahili cha mtoto wa darasa la pili atajua haraka kama anakimudu Kiswahili hicho. Mfano wa jarida la Jalada pia haufai kusahauliwa: mwaka 2016 lilichapisha mtandaoni hadithi moja ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyoandikwa kwa Gikuyu pamoja na tafsiri zake katika lugha zaidi ya 30, na waliofanya hivyo walikuwa waandishi vijana, si idara ya chuo kikuu.

Pingamizi

Itasemwa kwamba uandishi wa mtandaoni unaharibu Kiswahili kwa Sheng na vifupisho. Hofu hii ina chembe ya ukweli, lakini inachanganya sajili na uwezo. Anayemwandikia rafiki kwa Sheng anazingatia hadhira yake. Akipewa hadhira inayodai Kiswahili sanifu, naye akijua kwamba itamjibu, atakitafuta Kiswahili hicho.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: vifurushi vya data ni ghali, wanafunzi wengi hawana simu za kutosha kwa kazi hiyo, na katika shule za bweni simu zimepigwa marufuku. Jibu lake ni kwamba kinachopendekezwa hapa ni maandishi matupu, ambayo hutumia data kidogo sana kuliko video ya mhadhara. Pale ambapo hata hayo hayawezekani, gazeti la ukutani na daftari linalozungushwa darasani vitafanya kazi hiyo hiyo. Mwalimu ambaye wanafunzi wake hujibizana ukutani yu mbele ya yule mwenye maabara ya tarakilishi isiyokuwa na mazungumzo.

Pingamizi la tatu hutolewa kwa sauti ya chini: mhadhiri mwenye wanafunzi mamia hana muda wa kuwajibu wote. Ni kweli, na hakuna zana itakayoliondoa tatizo hilo. Wanafunzi wakijibizana wenyewe, mzigo utapungua, lakini hautaisha. Ukurasa ambao mhadhiri hauandikii utakufa kabla ya muhula kwisha. Idara inayotaka kazi hii ifanywe haina budi kuihesabu kama kazi, katika ratiba na katika upandishaji wa vyeo, badala ya kuiacha kuwa hisani ya wachache.

Hitimisho

Idara za Kiswahili ndizo zinazowaandaa walimu watakaoingia katika shule zinazofuata mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019. Walimu hao wakihitimu bila ya kuwahi kusomwa na kujibiwa, watafundisha kama walivyofundishwa, na vishikwambi vitakuwa miongozo inayong'aa. Idara hizo zinaweza kuanza na mambo matatu yasiyohitaji bajeti wala wizara: kukataa mwongozo kama chanzo katika insha yoyote ya chuo, kutunga maswali yasiyojibika bila kitabu, na kuyapa majibizano ya wanafunzi sehemu ya alama za muhula. Mhadhiri asiyeweza kuyakubali hayo matatu aache kuilaumu simu.