SABUFA YA SEBULENI: NUNUA MANENO, USINUNUE MTETEMO

1/8
Kwenye mfululizo huu tumeshaongea jiko, tumeongea neti, tumeongea dawa zinazokaa juu ya friji. Leo tuingie sebuleni, kwenye spika za TV. Najua utasema, "Nesi, na spika nazo zinakuhusu?" Zinanihusu sana. Swali ninaloulizwa kliniki mara kwa mara ni hili: "Tunataka kuchukua sabufa, ila nyumbani kuna mtoto wa miezi minne. Haina madhara?"

Jibu langu fupi: spika nzuri chukueni, tena zinaweza kuwasaidia. Ila watu wengi wanachagua kwa kigezo kibaya. Wanakwenda dukani, muuzaji anafungulia muziki mpaka kioo cha kabati kinacheza, wanasema "hii ndiyo yenyewe". Mimi nasema familia yenye watoto inunue spika itakayowafanya msikie maneno vizuri kwa sauti ndogo. Kama spika haiwezi hilo, hata ikitingisha mtaa mzima haifai kwenye sebule yako.

2/8: Kwa nini unaongeza sauti lakini bado huelewi
TV za siku hizi ni nyembamba kama daftari. Spika zake ni ndogo, na mara nyingi zinaangalia chini au nyuma, yaani sauti inapiga ukutani kwanza ndiyo inakufikia. Taarifa ya habari inasikika kama mtu anaongea ndani ya ndoo. Unaongeza sauti, na tangazo likiingia linakurusha kwenye kochi. Mtoto anaamka. Hiyo shida ni ya kweli, sikatai.

Sasa angalia tunavyoitibu. Tunaleta sabufa, tunapandisha besi mpaka mwisho. Herufi zinazotenganisha maneno, kama s, sh, f, t na k, zina sauti nyembamba na dhaifu. Ndizo zinazokufanya ujue kama mtu kasema "paka" au "pata". Besi ikizidi inazifunika hizo. Kwa hiyo unaongeza sauti ili usikie maneno, besi nayo inapanda, maneno yanapotea tena, unaongeza tena. Huku jirani wa chumba cha pili anasikia dum dum tu, maana besi inapita ukutani kirahisi kuliko sauti ya mtu.

Kabla hujatoa hela, jaribu vitu viwili vya bure. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya TV, tafuta chaguo la kukuza maongezi, mara nyingi huandikwa "Clear Voice" au "Dialogue". Halafu washa ile ya kusawazisha sauti, "Auto Volume", ili tangazo lisipige kelele kuliko habari. Kuna nyumba shida inaishia hapo hapo, na hela ya sabufa inakwenda kwenye ada.

3/8: Masikio ya mtoto
Ndani ya sikio kuna vijiseli vyenye vinywele vidogo sana vinavyopokea sauti. Vikifa havioti tena. Hakuna sindano wala matone ya kuvirudisha.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema mtu mzima akisikiliza sauti ya desibeli 80, asizidishe saa 40 kwa wiki. Kwa mtoto kiwango ni desibeli 75 kwa saa hizo hizo 40. Na kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu. Kwa mtoto, desibeli 78 ni saa 20, desibeli 81 ni saa 10, desibeli 84 ni saa 5 tu kwa wiki. Maongezi ya kawaida ya watu wawili waliokaa karibu ni kama desibeli 60, kwa hiyo unaona nafasi ipo ya kutosha kufurahia TV bila kufika huko.

Simu yako inaweza kupakua programu ya bure ya kupima desibeli. Haiko sawasawa kama kipimo cha hospitali, lakini inakupa picha. Ipime pale mtoto anapokaa, usipime kwenye kochi lako. Mtoto aliyelala kwenye mkeka pembeni ya sabufa anapokea sauti kubwa kuliko wewe uliye upande wa pili wa sebule. Huna simu ya hivyo? Ongea na mwenzio kwa sauti ya kawaida TV ikiwa inaendelea. Mkilazimika kupaza sauti, punguzeni.

Na hili la maongezi lina uzito wake. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kurekodi sauti za nyumbani kwa watoto 329 wa miezi 2 hadi miaka 4. Kwa kila saa moja ambayo TV ilisikika, mtoto alisikia maneno kama 770 pungufu kutoka kwa mtu mzima. TV ikiongea, mama ananyamaza, na mtoto naye anapunguza kujibu. Spika mpya isiwe sababu ya TV kushinda imewashwa kuanzia chai ya asubuhi.

4/8: Swali la kujiuliza kabla hujaenda dukani
Nani hapo nyumbani anayeomba sauti iongezwe?

Kama ni wote, basi shida ni TV. Lakini kama ni mtu mmoja tu, hebu tulia. Mtoto wa miaka 4 anayesogea mpaka anagusa kioo, anayeitwa mara tatu haitiki, au anayetoka usaha sikioni, haitaji sabufa. Anahitaji kupimwa masikio. Maji au usaha nyuma ya ngoma ya sikio unaweza kumpunguzia usikivu, na mengi ya hayo yanatibika. Kichanga asiyeshtuka kabisa na kishindo, au mtoto wa miezi 6 asiyegeukia sauti, mlete mapema. Bibi naye akiwa ndiye anayelalamika kila siku kuwa "hawa watangazaji wanajitafuna", mpeleke akapimwe. Wakati mwingine ni nta tu imejaa. Ukinunua spika kubwa hapo, utakuwa umeficha ugonjwa, na masikio ya wengine yanalipa.

5/8: Dukani
Usidanganywe na namba za kwenye boksi. Maandishi makubwa ya "10000W PMPO" hayakuambii kitu cha maana. Tafuta neno RMS. Kama halipo, geuza spika nyuma usome kibandiko cha umeme. Kifaa kinachokula wati 60 hakiwezi kutoa sauti ya wati elfu kumi. Hata kwa sebule ya kawaida, wati 20 au 30 za kweli zinatosha kabisa.

Saundiba ile ndefu inayokaa chini ya TV inafaa kwa nyumba nyingi zenye watoto: waya ni chache, inaelekeza sauti kwako, na nyingi zina kitufe cha maongezi. Sabufa yenye vispika viwili pia ni sawa, mradi besi na sauti nyembamba zirekebishwe kila moja peke yake.

Usijaribu kwa muziki. Mwambie muuzaji akuwekee mtu anaongea, taarifa ya habari au mahubiri, kwa sauti ndogo. Rudi nyuma hatua nne tano. Ukisikia kila neno, hiyo inafaa. Ukisikia mngurumo tu, ishukuru na uiache.

Halafu omba kuiona rimoti. Nitakwambia kwa nini kwenye sehemu ya 7.

6/8: Kuunganisha
Hapa mimi si fundi, ila haya yanamshinda fundi wa haraka haraka. Yasome taratibu.

*Toa sauti kwenye TV, usitoe kwenye kisimbusi.* Ukichomeka spika kwenye kisimbusi, siku mkifungua YouTube au flashi, spika inakuwa kimya. Vyote viingie kwenye TV, halafu TV ipeleke sauti kwenye spika.

*HDMI ARC.* Kama TV na spika vyote vina tundu la HDMI lenye neno ARC, tumia hilo. Waya mmoja, na rimoti ya TV inapandisha na kushusha sauti. Lazima iwe tundu hilo hilo lenye ARC, HDMI nyingine za pembeni hazitoi sauti. Kisha washa CEC kwenye mipangilio.

*OPTICAL.* Huu ni waya wa mwanga. Toa vile vikofia vya plastiki kwenye ncha kwanza, wengi wanasahau. Ukiona kimya, nenda kwenye mipangilio ya sauti uchague PCM. Spika yako haina tundu hili? Kuna kiboksi kidogo cha kugeuza sauti ya optical kwenda kwenye waya nyekundu na nyeupe.

*Waya nyekundu na nyeupe.* Angalia maandishi nyuma ya TV. AV IN ni ya kuingiza, haitoi sauti, na hapo ndipo watu wanapohangaika kutwa nzima. Unataka AUDIO OUT. Kama haipo, tumia tundu la hedifoni lenye alama ya kisikizio.

*Bluetooth.* Rahisi, lakini mara nyingi midomo inatangulia na sauti inafuata. Kwa muziki haina shida. Kwa tamthilia inachosha.

Ukimaliza, ingia kwenye mipangilio uzime spika za TV, zote mbili zikilia pamoja zinaleta mwangwi. Vispika viwili vitoe juu ya sabufa, weka kimoja kulia na kimoja kushoto kwa TV, kimo cha sikio la mtu aliyekaa. Sabufa yenyewe usiisukumie kwenye kona, kona inaongeza besi. Shusha besi chini ya nusu. Na sebule yenye vigae na kuta tupu inarudisha sauti sana, kwa hiyo zulia, mkeka na mapazia mazito vinasafisha maneno bila gharama ya fundi.

7/8: Hapa nisome mara mbili
Rimoti nyembamba za sabufa na saundiba nyingi zinatumia betri bapa ya duara kama sarafu. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa 2. Anaweza kutoa udenda, kukohoa, kukataa kula, au asionyeshe chochote.

Ukihisi kameza, usimtapishe na usisubiri itoke kwenye choo. Kimbia hospitali, sema "nahisi kameza betri", aombewe eksirei haraka. Kama amevuka mwaka 1, anameza vizuri na hazijapita saa 12, mpe asali vijiko 2 vya chai kila dakika 10 mkiwa njiani, isizidi mara 6. Asali usimpe mtoto chini ya mwaka mmoja. Na kutafuta asali kusikuchelewesha kutoka nyumbani.

Kwa hiyo dukani, chagua rimoti ambayo kifuniko cha betri kina skrubu, au inayotumia betri za kawaida ndefu. Kama ni ya kuvuta kwa kucha, ifunge kwa gundi ya karatasi na iweke juu. Zilizokwisha nazo usiziache kwenye droo.

Mengine kwa haraka: TV isikae juu ya sabufa wala stuli, ifungwe ukutani au kwenye kabati imara, maana watoto wanapanda. Waya zipite nyuma, zisining'inie. Ekstensheni moja isibebe TV, sabufa, friji na pasi. Umeme ukikatika, chomoa kabla haujarudi.

8/8
Najua baba watoto atasema mpira bila besi hauna ladha. Namwelewa. Fainali ya Jumamosi, watu wameshangilia saa mbili, mtoto yuko chumba cha nyuma, mlango umefungwa, haitaharibu nyumba. Ninachobishania ni ile sauti ya kila siku, ile inayolia tangu asubuhi hata hakuna anayetazama. Wekeni alama, kipande kidogo cha plasta kwenye kitufe cha sauti au namba mliyokubaliana, na dada wa kazi aijue pia. Anayetaka kuizidisha aseme sababu.

Ukiwa umekaa kwenye kochi, unaelewa tamthilia na bado unamsikia mtoto akigeuka chumbani, sauti yako iko sawa. Spika ikikupa hilo, hela yako haijapotea.

Kama una mtoto unayemtilia shaka usikivu wake, niandikie umri wake na unachokiona, ila usingoje jibu langu ndipo umpeleke, nina zamu ya usiku mpaka Alhamisi. Mtagi mama mwenzio mwenye mpango wa kwenda kununua sabufa mwisho wa mwezi, na umwonyeshe ile sehemu ya 7 kwanza.