Karao akikukosea, nani humwajibisha?

Uliza swali hili mtaani na utajibiwa haraka: hakuna. Watakuambia polisi hulindana, kesi huzikwa, kwa hivyo wewe shukuru Mungu uko hai, songa mbele. Naelewa kwa nini watu wanasema hivyo, lakini si kweli kwamba hakuna. Sheria ziko na taasisi ziko. Shida kubwa ni kwamba ushahidi wa kumkamata afisa aliyekosa mara nyingi huwa umewekwa na wenzake.

Kwanza ujue nani hufanya nini, maana wengi huchanganya. IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendakazi wa polisi, iliundwa kwa sheria ya 2011. Si polisi. Huchunguza malalamishi ya raia, na pia vifo na majeraha mabaya yanayoonekana kusababishwa na polisi. Lakini IPOA haimfuti mtu kazi, wala haimfungulii kesi ya mauaji. Ikimaliza, faili huenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na ndiye huamua kama kuna kesi. Nidhamu na kufutwa kazi ni mambo ya Tume ya Huduma ya Polisi. Halafu kuna kitengo cha masuala ya ndani, yaani polisi wanaochunguza polisi.

Faili moja, milango mingi. Na wa kwanza ndio mgumu zaidi. Mchunguzi wa IPOA akifika kituoni anahitaji kitabu cha OB, rejista ya bunduki na picha za CCTV. Nani amekuwa akivitunza? Kituo kilekile.

Kumbuka kifo cha Albert Ojwang, Juni 2025. Alikamatwa Homa Bay, akasafirishwa hadi Kituo Kikuu cha Polisi Nairobi, na akafa akiwa mikononi mwa polisi. Tuliambiwa aligonga kichwa ukutani mwenyewe. Upasuaji wa maiti ulionyesha kitu tofauti kabisa, na IPOA ikasema mitambo ya CCTV ya kituo ilikuwa imevurugwa. Mwezi huohuo, mkuu wa kituo alikuwa miongoni mwa walioshtakiwa kwa mauaji. Walikanusha, na mahakama ndiyo ya kuamua. Lakini jiulize: kama familia ingezika haraka, bila upasuaji, si stori ya ukuta ndiyo ingebaki?

Kuna hatari nyingine, na hii lazima isemwe wazi. Kulalamika kunaweza kukuponza. Mwaka 2016, Josephat Mwenda, mwendeshaji bodaboda aliyekuwa amemlalamikia afisa kwa IPOA, aliuawa pamoja na wakili wake Willie Kimani na dereva wa teksi Joseph Muiruri, baada ya kutoka kortini Mavoko. Haki ilipatikana, lakini pole pole: hukumu ya hatia ilikuja 2022, na afisa huyo, Fredrick Leliman, akahukumiwa kifo mwaka 2023. Kwa hivyo anayekuambia "ripoti tu" bila kutaja ulinzi wa mashahidi hajakuambia kila kitu.

Basi ufanye nini? Usiende peke yako. Nenda na mzazi, rafiki, wakili au shirika la haki za binadamu. Ukiumizwa, anza hospitalini na uweke kila karatasi. Andika saa, mahali, kituo, namba ya gari na majina ya walioshuhudia. Sheria inataka afisa aliyevaa sare aonyeshe jina au namba yake ya kazi, kwa hivyo angalia kifuani. Kama ameificha, andika hivyo pia. Ukirekodi video, usiishie kuipost. Weka ile ya kwanza jinsi ilivyo, bila kuikata wala kuweka muziki, na umtumie mtu unayemwamini. Malalamishi kwa IPOA ni bure, kwa mdomo au kwa maandishi, na namba yao ya simu isiyolipiwa ni 1559.

Hata hivyo, mzigo huu haufai kuwa wa raia pekee. Wakati wa maandamano ya 2024 tuliona watu wenye bunduki wakiwa wamevaa kiraia na kufunika nyuso. Mchunguzi ataanzia wapi kama hata haijulikani nani alifyatua? Ndiyo maana picha za kamera za vituo zingefaa kuhifadhiwa nje ya kituo, mahali ambapo OCS hana ufunguo. Na anayekuja kuomba kura yako aulizwe: atapigania bajeti ya IPOA na ya ulinzi wa mashahidi, ama ataongea tu siku ya mazishi?